Fremu Nyeusi ya Babu Tanbihi

Idara ya Uchapishaji ya Chuo Kikuu,
Chumba cha Makarani, Ghorofa ya Pili.
Jumatano, tarehe 12, mchana.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Naandika shikamoo ya pili, shikamoo, kwa sababu mkono unanitetemeka na sina hakika kama ile ya kwanza inasomeka.

Natumaini barua hii inakukuta umeketi. Kama umesimama, tafadhali Mjomba, keti kwanza. Hali yako? Presha je? Dawa unameza zile za asubuhi na zile za jioni, au bado unajipangia mwenyewe kama daktari hakusema kitu? Goti la mkaza mjomba limepata nafuu? Mara nyingine huwa nauliza haya kwa mazoea, nawe unanijibu kwa mazoea. Safari hii nauliza huku naogopa jibu.

Sisi huku hatujambo. Mama hajambo, kaka hajambo na anakula kama mtu aliyetoka jela, Kibonge wetu mdogo ameota jino jipya na anamwonyesha kila anayepita. Mimi mwili hauna neno. Na Profesa yu hai.¹

Narudia, ili usidhani ni kalamu imeteleza. Profesa, rafiki yako wa chumba kimoja mlipokuwa wanafunzi China, yule ambaye huku ofisini tunamwita Babu Tanbihi kwa kuwa hawezi kusema jambo bila kuliwekea maelezo ya chini ya ukurasa, yu hai. Leo asubuhi nimemwona akikoroga chai na kulalamika kwamba kijiko ni kifupi.

Kama bahasha kubwa niliyokutumia wiki iliyopita imefika na hujaifungua, usiifungue. Kama umeifungua na umeshafika ukurasa wa pili, basi ninakuomba kwa magoti: ulichokiona si kweli. Hakuna msiba. Kuna mimi tu na upumbavu wangu.

Najua unawaza nini sasa hivi. Unawaza kwamba familia yetu ndivyo ilivyo, haimwambii mtu habari mbaya mpaka afike nyumbani. Najua walivyokufanyia Bibi alipofariki. Walikuambia anakohoa kidogo, ukasafiri siku nzima na chupa ya dawa ya kikohozi mkononi, ukakuta viti vya kukodi vimejaa uani. Kwa hiyo hata mimi nikikuandikia mara mia kwamba Profesa mzima, utasema, hao, wameanza tena. Hilo ndilo linaloninyima usingizi kuliko kazi yangu, ingawa kazi nayo inaning'inia. Ngoja nikueleze yote tangu mwanzo, uone mwenyewe kama mtu anaweza kutunga uongo wa aibu kiasi hiki.

Nilikuandikia kwamba mwaka huu idara yetu imetoa vitabu vipya vya taaluma za Kichina, mfululizo wa kwanza wa aina hiyo tangu ofisi hii ifunguliwe. Ni vitabu vya kitaalamu kweli. Kimoja kinaeleza jinsi wakulima wa huko zamani walivyogawana maji ya mto bila kupigana majembe. Hicho nilikitia alama nikijua mhandisi wa maji kama wewe hatakiacha. Kingine kinahusu kodi ya chumvi, nacho kinakauka mdomoni kama chumvi yenyewe. Kuna cha vikundi vya maigizo ya barabarani, chenye picha nzuri. Na kikubwa kuliko vyote ni cha Profesa, ambacho amekuwa akikiandika tangu mimi sijazaliwa: Desturi za Maombolezo katika Vijiji vya China.

Soma tena jina hilo, Mjomba. Mtu mwenye akili timamu angesita. Mimi sikusita.

Kazi yangu ilikuwa kuandaa katalogi ya vitabu hivyo ili ipelekwe vyuoni, maktabani na kwa wauza vitabu, hapa na huko China. Mkurugenzi wetu tunamwita Mama Tarehe, kwa sababu kila sentensi yake inaishia na siku ya mwisho ya kumaliza kazi. Alikuja mezani kwangu akaniambia, "Binti, jina la Profesa lisimezwe na hayo mengine. Lionekane. Na asioneshwe mpaka siku ya uzinduzi, nataka nimfurahishe. Ijumaa mwisho."

Nikakaa kwenye kompyuta nikafikiri jinsi ya kulifanya jina lionekane. Herufi nene zilikuwa zimeshatumika kwa vichwa vya habari. Kulikuza nikaona ni kelele. Ndipo nikalizungushia fremu. Fremu nyeusi, nyembamba, iliyonyooka kila kona, kwa sababu katalogi yote ilikuwa ichapwe kwa wino mweusi mtupu. Picha yake nayo nikaigeuza kuwa nyeusi na nyeupe, nikaiweka juu ya fremu, katikati kabisa. Chini yake nikapanga maneno ambayo Mama Tarehe aliandika mwenyewe kwa mapenzi yake yote: "Kazi ya maisha yake yote. Ameacha alama isiyofutika katika taaluma hii. Hatutampata mwingine kama yeye."

Msanifu wetu wa kurasa, ambaye hasifu kitu cha mtu mwingine, aliinama juu ya bega langu akakiangalia kioo. "Aisee, limetulia," akasema. "Limekaa kama limevaa suti."

Mjomba, nilifurahi. Niko katika miezi ya majaribio, sijawahi kusifiwa humu ndani. Mama Tarehe akatia sahihi, katalogi ikachapwa, ikatumwa, ya China kwa barua pepe. Nami nikachukua nakala moja, nikaitia katika bahasha, nikakuandikia karatasi ndogo: "Mjomba, fungua ukurasa wa pili. Kazi ya mkono wangu!" Nikaweka na alama ya mshangao.

Jumatatu asubuhi nilifungua barua pepe za ofisi kama kawaida. Ya kwanza ilitoka maktaba ya chuo kimoja huko China: wamepokea katalogi yetu kwa huzuni kubwa. Nikadhani hawakupenda mpangilio. Ya pili ilisema wanafunzi wa darasa zima walisimama kimya kabla ya mhadhara. Nikadhani ndivyo wanavyoheshimu vitabu vipya. Ya tatu ilikuwa ya Kichina kitupu, ndefu, na humu ofisini tunachapisha vitabu vya Kichina lakini anayekisoma hakuna hata mmoja. Nikaiacha imsubiri Profesa.

Kabla sijafika ya nne, dada wa mapokezi akapiga kelele kutoka chini. "Jamani, nani kafiwa humu?"

Tulishuka. Mlangoni alikuwa amesimama kijana wa duka la maua, na mbele yake shada kubwa kama gurudumu la trekta, maua meupe na ya manjano, na utepe mweusi umekatiza katikati. Limeagizwa kutoka mbali, alisema, tupokee tu. Kwenye utepe kulikuwa na jina la Profesa.

Mama Tarehe alirudi nyuma mpaka akakutana na boksi la vitabu, akalikalia. "Amefariki lini?" akauliza, wala hakumwuliza mtu. "Si jana tu alinipigia simu kunigombeza kuhusu faharasa?" Msanifu akavua kofia. Mimi nilishika meza ya mapokezi. Nilichowaza ni kwamba amekufa usiku huo, na watu wa China wamejua kabla yetu, na sisi tuliomtolea kitabu hatukuwa na habari. Na nikakuwaza wewe, Mjomba. Nikawaza nani atakuambia.

Mama Tarehe alianza kulia. Analia kama anavyofanya kazi, haraka haraka na kwa sauti. Dada wa mapokezi akamfuata. Hata yule kijana wa maua, ambaye hakumjua mtu yeyote pale, alitazama viatu vyake.

Ndipo mlango ukafunguka akaingia Babu Tanbihi, koti limekunjamana vilevile, mabunda ya faharasa kwapani.

Mjomba, nimesoma mpaka chuo kikuu. Siamini mizimu. Lakini nilijikuta niko chini ya meza, na sikumbuki nilishukaje. Nilisikia Mama Tarehe akipiga yowe moja tu. Msanifu akawa anasema, "Profesa, Profesa, Profesa," kama redio iliyokwama.

Babu Tanbihi hakutujali. Aliona shada, akasogea, akavaa miwani yake ya kusomea juu ya ile ya kutembelea, akasoma utepe. "Mwaka wa kuzaliwa wamekosea," akasema.

Halafu akasoma tena. "Mmetuma nini huko?" akauliza, na sasa sauti haikuwa yake.

Nilitoka chini ya meza nikampa katalogi. Akafungua ukurasa wa pili. Nimewahi kuona taa ikizimwa chumbani, lakini sijawahi kuona uso wa mtu ukizimwa hivyo. Aliketi kwenye boksi pembeni ya Mama Tarehe, wawili hao bega kwa bega kama abiria walioachwa na basi, akapitisha kidole juu ya ile fremu yangu, kona kwa kona.

Jambo lenyewe wewe unalijua kuliko mimi, ulilijua mimi sijazaliwa. Alitueleza polepole. Kwamba huko, jina la mtu likizungushiwa mstari mweusi, basi mwenye jina hayupo tena. Hufanya hivyo kwenye majarida ya kitaalamu na kwenye orodha za waandishi, na msomaji haambiwi zaidi, akiiona tu anajua. "Tanbihi," akasema, kidole kikiwa bado kwenye fremu. "Hili kwao halisomwi kama pambo. Ni tangazo la kifo. Na hii picha. Na haya maneno, 'hatutampata mwingine kama yeye'. Nani aliandika haya?"

Mama Tarehe akajipangusa pua. "Nilikuwa nakusifu."

"Umenisifu mpaka kaburini, mama."

Kisha akauliza lile swali nililokuwa naliogopa bila kujua kwamba lipo. "Sura ya sita ya kitabu changu inaeleza habari ya fremu hii, ukurasa mzima. Nani alihakiki sura ya sita?"

Nilinyoosha mkono kama mtoto wa shule. Nilihakiki mimi. Niliipitia sura hiyo kwa rula, mstari kwa mstari, nikihakikisha namba za tanbihi zinafuatana, kwa sababu ndiyo kazi niliyopewa. Zinafuatana vizuri ajabu. Hakuna hata moja iliyoruka. Lakini maneno yenyewe, Mjomba, sikusoma hata moja. Jana nimeyasoma. Yameandikwa waziwazi, hata mtu mwenye usingizi angeelewa.

Tangu hapo Profesa amekaa kwenye simu ya ofisi akiwaambia watu kwamba yu hai, na hiyo si kazi nyepesi. Mama mmoja aliyefundisha naye huko, mzee kama yeye, aliposikia sauti yake alikata simu. Mara ya pili akauliza ni nani anayecheza na sauti ya marehemu. Hilo Profesa alitutafsiria. Mara ya tatu alilia, kisha akaanza kugomba, na sote tulielewa kwamba anagomba ijapokuwa Kichina hatukijui, kwa sababu Babu Tanbihi aliiweka simu mbali na sikio lake kama kaa la moto.

"Anasemaje, Profesa?" msanifu akauliza.

"Anasema nisirudie."

Tulicheka kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo, na mara ya mwisho.

Kwa maana ilibidi tutume masahihisho, na tulikuwa karibu kufanya baya zaidi. Msanifu alishauri jina la Profesa liandikwe kwa wino mwekundu, ling'ae, ili huko waone kwamba mwenyewe yupo na ana damu mwilini. Mama Tarehe alikuwa ameshakubali. Babu Tanbihi alirusha kijiko. "Nyekundu! Mmeniua Jumatatu, Jumanne mnanizika?" Kumbe na hilo nalo lina mkosi kwao, jina la mtu aliye hai haliandikwi kwa wino mwekundu. Sasa naogopa hata kuchagua rangi ya kibanio cha karatasi. Masahihisho yamekwenda kwa wino wa kawaida, bila fremu, bila pambo, na sura ya sita niliisoma yote kabla hayajatoka, kisha nikaisoma tena.

Kuhusu kazi yangu, Mama Tarehe amesema neno moja tu: "Tutaongea." Hakutaja tarehe. Yeye, ambaye hata chai anaitajia tarehe. Basi ujue hali yangu.

Lakini Jumatatu hiyohiyo alasiri, kabla ya yote hayo kutulia, Profesa aliniita pembeni ya rafu. Alitaka kujua kila mahali katalogi ilipokwenda. Nikamtajia vyuo, maktaba, wauza vitabu. Akawa anatikisa kichwa, huyo nimempigia, huyo nitampigia. Mwisho akasema, "Na mjomba wako hajatumiwa, sivyo?"

Niliinamisha kichwa. Alinitazama, akaelewa. Alishika rafu.

Ndipo akanieleza habari ya ngazi, Mjomba. Hukutuambia hata siku moja. Alinieleza kwamba mlikuwa na mwalimu mmoja huko, aliyewafundisha lugha na kuwalisha nyumbani kwake mlipokuwa hamna kwenu karibu. Mkaenda likizo, mkarudi, mkachukua jarida jipya la chuo mnapanda nalo ngazi za bweni. Wewe ndiye uliyelifungua. Ukaona jina la mwalimu ndani ya fremu nyeusi, ukakosea kukanyaga, ukabingirika ngazi mpaka chini. Profesa alikubeba mgongoni mpaka zahanati, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna. Kumbe kovu lile la kwenye paji la uso, ambalo tangu utoto wangu unasema ulianguka na baiskeli, ndilo hilo.

"Tulikuwa vijana," akasema Babu Tanbihi, "na moyo wake ulikuwa moyo wa punda. Leo je?"

Sikulala. Nakuona umekaa pale kwenye kiti chako cha kamba, bahasha magotini, kile kikaratasi changu chenye alama ya mshangao kimeanguka chini. Nakuona unafungua ukurasa wa pili kwa kiburi cha mjomba. Halafu sitaki kuona tena.

Mama amepiga simu mpaka kidole kimemwuma. Yako tunajua iko kwenye pipa la maji ulikoitumbukiza, ukasema umepata amani. Ya mkaza mjomba inaita mpaka inachoka yenyewe. Nadhani bado anaifungia kabatini isichakae. Hapo ndipo Profesa aliposema, "Basi nitakwenda mwenyewe, aniguse."

Nilimsihi asije, Mjomba. Fikiria. Mtu ana presha, anaomboleza, huenda hata suti ameshaitoa kabatini, anasikia hodi, anafungua, anamkuta marehemu amesimama na begi. Mimi ni kijana, nina moyo mzima, na nilikwenda chini ya meza. Ninyi wazee je? Nikamwambia Profesa, kwanza iende barua, asome akiwa ameketi, ajue, apumue, mengine baadaye. Mama Tarehe akaniunga mkono, mara ya kwanza tangu Jumatatu. Babu Tanbihi hakubisha. Alikwenda kuzungumza na dereva wetu wa gari la vitabu, akarudi kimya, jambo ambalo si kawaida yake.

Ndiye dereva huyo anayekuletea hii. Kesho alfajiri anapeleka vitabu vya shule upande wa kwenu, na amekubali kupita. Gari lake utalijua, ni lile la bluu ambalo mlango wa abiria hufunguka kwa nje tu, ukikaa humo lazima mtu aje akutoe. Nilimweleza kwa makini kwamba kabla hajatoa bahasha aseme kwanza hakuna msiba. Akanitazama. "Yaani nibishe hodi kwa mzee wa watu, niseme, shikamoo, hakuna aliyekufa? Si ndiyo nitamwua mimi sasa?" Basi nimemwambia akuamkie tu, akupe bahasha, aombe maji ya kunywa ili usiwe peke yako unaposoma. Na juu ya bahasha nimeandika kwa herufi kubwa: KETI KWANZA.

Limebaki lile la wewe kuniamini. Nililiwaza sana, nikamwendea Profesa nikamwomba aandike neno kwa mkono wake mwisho wa barua hii, jambo ambalo ninyi wawili tu mnalijua, lisiloweza kutungwa na mama wala na mimi. Akafikiri, akasema, "Kuna habari ya sufuria."

Habari ya sufuria naijua nusu. Najua kwamba mlipokuwa wanafunzi sufuria yenu moja na ya pekee iliungua mpaka ikatoboka, na kwamba tangu siku hiyo mpaka leo kila mmoja anasema aliyeiacha jikoni ni mwenzake, na kwamba katika kila barua mliyoandikiana maisha yenu yote sufuria imo. Nikaona hapa pana nafasi. Nikamwambia, "Profesa, safari hii kubali tu. Sema uliiunguza wewe. Mjomba mgonjwa, atafurahi, moyo utatulia."

Alinitazama juu ya miwani zote mbili. "Binti, umesoma lakini hujaelimika. Nikikubali ndipo atakapojua nimekufa."

Kwa hiyo sijui ataandika nini. Kile kinamba kidogo unachokiona juu ya neno "hai" huko mwanzo amekiweka yeye sasa hivi, amesimama nyuma ya kiti changu ananipumulia kisogoni, na hiyo pumzi, Mjomba, ni pumzi ya mtu mzima wa afya aliyekula kitunguu. Maelezo yenyewe anasema ataandika akitulia. Atafunga bahasha kwa mkono wake na kumkabidhi dereva mwenyewe. Anasema karani haruhusiwi kugusa tanbihi zake tena mpaka ajifunze kuzisoma.

Nisamehe. Wewe ndiye uliyeniombea kazi hii, ukampa Profesa neno lako kwamba mimi ni mtu wa makini. Nilitaka uone ukurasa ule useme, huyo ni mpwa wangu. Kama wataniondoa, nitaondoka, nitaanza upya. Lakini wewe ukidhurika kwa ajili ya mistari minne niliyoichora mimi, hapo sitakuwa na pa kuanzia. Tafadhali mtume dereva arudi na neno lolote. Hata tusi.

Msalimie sana mkaza mjomba, mwambie simu haichakai kwa kupokelewa. Wasalimie binamu zangu, na fundi cherehani jirani yenu aliyenishonea sare ya shule. Mama anakusalimu na anasema umeze dawa mbele ya dereva. Kaka anakusalimu. Kibonge anakuonyesha jino.

Mungu akutulizie moyo, akupe pumzi ndefu na usingizi mtamu, na barua hii ikukute umeketi.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye hata mkono ukitetemeka,
Kiherehere.

¹ Maelezo haya ni ya mwandishi mwenyewe, si ya karani. Kwamba niko hai, ushahidi upo nje ya nyumba yako: gari la bluu, kiti cha mbele, upande wa abiria. Mpwa wako alinisihi nisije, hilo sikulitii. Alisihi pia usome kwanza ukiwa umeketi. Hilo nimelitii, nimo humu nasubiri, na jua ni kali. Asifukuzwe kazi, nimeshamwambia mkurugenzi: katika maisha yangu yote ya uandishi ni huyu tu aliyewafanya watu walie kwa kitabu changu. Kuhusu sufuria, msimamo wangu haujabadilika. Uliiunguza wewe. Ukimaliza kusoma, suti irudishe kabatini, kisha njoo unifungulie. Mlango huu, kama ulivyoelezwa hapo juu, hufunguka kwa nje tu.